Anayemwuguza Askari Naye Yuko Zamu

Vita vinapopiganwa popote duniani, redio hutangaza idadi ya waliouawa na idadi ya waliojeruhiwa. Waliouawa huzikwa kwa heshima za kijeshi, na majina yao huchongwa katika minara ya kumbukumbu. Waliojeruhiwa hupelekwa hospitali, na baada ya muda habari zao hazisikiki tena. Hapo ndipo wengi wetu hudhani kwamba mambo yamekwisha. Lakini jeraha la askari halikwishi siku ile anaporuhusiwa kutoka hospitali. Siku hiyo huhama tu: hutoka katika wodi ya jeshi na kuingia katika nyumba ya mke wake, au ya mama yake, au ya ndugu yake.

Ninyi mlio katika majeshi ya ulinzi, na ninyi mlio katika polisi, mnalijua jambo hili kuliko raia wa kawaida. Ni vikosi vichache visivyo na mwenzao aliyepoteza miguu, au macho, au aliyepigwa kichwani hata akili yake haitulii. Mnajua pia ni nani anayemnyanyua kitandani alfajiri, anayemwosha, anayemlisha, anayempa dawa kwa saa zake, na anayekesha naye anaposhtuka usingizini kwa kishindo cha vita vilivyokwisha zamani. Mtu huyo hakuapa mbele ya bendera. Hana namba ya jeshi, hana cheo, wala hana mshahara. Hata hivyo yuko zamu usiku na mchana, na zamu yake haina wa kuipokea.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya mtu huyo, na juu ya swali ambalo serikali nyingi zimelikwepa. Je, taifa linalomtuma kijana vitani lina deni kwa askari peke yake, au lina deni pia kwa yule anayemwuguza siku zote za maisha yake? Tutatazama jinsi Marekani ilivyojaribu kulijibu swali hilo. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu jibu lake limeandikwa katika sheria, limejaribiwa kwa zaidi ya miaka kumi, na makosa yake yako wazi kwa kila mtu anayetaka kujifunza.

Ndugu wasikilizaji, tarehe 4 Machi 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikikaribia kwisha, Rais Abraham Lincoln aliwaambia Wamarekani kwamba wana wajibu wa kumtunza yule aliyebeba mzigo wa vita, pamoja na mjane wake na yatima wake. Wizara ya nchi hiyo inayoshughulikia askari wastaafu ilikuja kuyafanya maneno hayo kuwa kauli mbiu yake. Lakini yatazameni maneno hayo kwa makini. Anatajwa askari, anatajwa mjane, na anatajwa yatima. Hatajwi mke wa askari aliyerudi hai, lakini akiwa hawezi kushika kijiko. Kwa muda mrefu serikali ililipa pensheni na nyongeza mbalimbali kwa askari mwenyewe. Mwuguzaji wake hakuwa na fungu lililoandikwa kwa jina lake.

Hali hiyo ilibadilishwa na vita vya Afghanistan, vilivyoanza mwaka 2001, na vya Iraq, vilivyoanza mwaka 2003. Katika vita hivyo majeruhi waliondolewa haraka kwa helikopta, madaktari wa upasuaji walikuwa karibu na uwanja wa mapigano, na askari walibeba mikanda ya kuzuia damu. Kwa sababu hiyo, wengi ambao zamani wangalikufa palepale walipona. Lakini walipona wakiwa wamekatwa viungo, au wakiwa wameumia ubongo kwa mabomu yaliyotegwa barabarani. Wake vijana waliacha kazi ili wawauguze waume zao, na wazazi waliokwisha zeeka walirudia kuwalea watoto wao waliokuwa watu wazima. Familia hizo zilikwenda kwenye Kongresi na kudai haki yao.

Tarehe 5 Mei 2010, Rais Barack Obama alitia sahihi sheria iliyokuwa na sehemu maalumu juu ya wauguzaji wa askari, na mwaka 2011 wizara ikaanza kupokea maombi. Sheria hiyo haikuishia katika kumpongeza mwuguzaji kwa moyo wake mwema. Ilitaja vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika mkononi.

Kwanza, mwuguzaji mkuu hulipwa posho ya kila mwezi, na hulipwa yeye mwenyewe. Kufuatana na kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2020, posho hiyo hukadiriwa kwa mshahara wa mtumishi wa serikali wa daraja la nne, ngazi ya kwanza, katika eneo ambalo askari anakaa. Ambaye mgonjwa wake hawezi kabisa kujitegemea hupata kiasi kizima. Wengine hupata asilimia 62.5 ya kiasi hicho. Pili, mwuguzaji mkuu asiye na bima ya matibabu hupewa bima hiyo. Tatu, hufundishwa kazi: namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuumia mgongo, namna ya kusafisha vidonda, na namna ya kukabiliana na hasira na hofu za mtu aliyeumia kichwani. Nne, hupata ushauri kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Tano, ana haki ya kupumzika siku zisizopungua 30 kwa mwaka, mtu mwingine akishika nafasi yake. Tena askari mmoja anaweza kuandikishiwa wauguzaji hadi watatu, mmoja akiwa mkuu na wawili wakiwa wasaidizi. Na askari akifariki dunia, posho haikatwi siku ya mazishi; huendelea kwa siku 90.

Anayestahili si kila mstaafu. Kwa kanuni hizo za mwaka 2020, askari lazima awe na ulemavu uliotokana na utumishi wake, uliopimwa kuwa asilimia 70 au zaidi, na awe anahitaji kuhudumiwa na mtu mwingine kwa muda usiopungua miezi sita mfululizo. Mwuguzaji naye lazima awe ametimiza miaka 18, na awe jamaa yake au mtu anayeishi naye nyumba moja.

Hapana shaka kwamba mpango huo ni mzuri. Lakini, ndugu wasikilizaji, ahadi ni deni, na deni hupimwa siku ya kulipa. Hebu tutazame jinsi ahadi hiyo ilivyolipwa.

Kosa la kwanza lilikuwa katika hesabu. Wizara ilikadiria kwamba hadi mwishoni mwa Septemba 2014 wauguzaji wapatao 4,000 wangekubaliwa. Wakaguzi wa serikali walipochunguza, waligundua kwamba kufikia Mei 2014 walikuwa wamekwisha kubaliwa wapatao 15,600. Watumishi waliopangiwa kazi hiyo hawakutosha, na familia nyingi zilingoja kwa muda mrefu. Mwaka huohuo taasisi ya utafiti ya RAND ilitoa makadirio kwamba katika Marekani nzima walikuwapo watu milioni 5.5 wanaowauguza askari au waliokuwa askari, na kwamba takriban mmoja kati ya kila watano alimwuguza askari aliyetumikia baada ya Septemba 2001. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ofisini mzigo huo ulionekana mwepesi kama usufi kwa sababu hakuna aliyekuwa ameupima.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Sheria ya mwaka 2010 iliwahusu tu wale walioumia tangu tarehe 11 Septemba 2001. Fikirini maana yake. Askari aliyepoteza miguu nchini Iraq mwaka 2004, mwuguzaji wake aliweza kulipwa. Askari aliyepoteza miguu nchini Vietnam mwaka 1968, mke wake hakupata kitu, ingawa alikuwa amembeba mumewe kwa zaidi ya miaka arobaini, na sasa mgongo wake mwenyewe ulikuwa umekwisha. Jeraha ni lilelile, jeshi ni lilelile, bendera ni ileile. Kilichowatenganisha ni tarehe. Waliotangulia kutumika na waliouguza kwa muda mrefu zaidi ndio walioachwa nje.

Ilichukua miaka minane kuirekebisha sheria hiyo. Tarehe 6 Juni 2018 Rais Donald Trump alitia sahihi sheria nyingine, iliyofungua mlango kwa askari wa vita vya zamani. Hata hapo mlango haukufunguliwa siku hiyo. Mitambo ya kompyuta haikuwa tayari, na kazi ikacheleweshwa mwaka mzima. Waliotumikia hadi tarehe 7 Mei 1975, maana yake waliopigana Vietnam na kabla ya hapo, walianza kupokelewa tarehe 1 Oktoba 2020. Waliotumikia kati ya wakati huo na Septemba 2001 walingoja hadi tarehe 1 Oktoba 2022. Kijana anaweza kungoja. Mzee mwenye miaka themanini, mwuguzaji wake akiwa na miaka sabini na minane, hana miaka ya kungoja.

Kosa la tatu ni lile la kuwatoa watu katika daftari. Baada ya miaka michache, familia zilianza kupokea barua zikiarifiwa kwamba hazistahili tena. Hospitali moja ilimkubali mtu ambaye hospitali nyingine, kwa kanuni zilezile, ilimkataa. Walikuwamo waliokatwa viungo, nao wakauliza kama serikali inaamini kwamba mguu huota tena. Malalamiko yalikuwa mengi hata mwezi wa Aprili 2017 waziri wa wakati huo, David Shulkin, aliamuru kazi ya kuwaondoa watu isimamishwe ili uchunguzi ufanywe. Ilisimamishwa tena mwezi wa Desemba 2018. Kisha zikaja kanuni za mwaka 2020, ambazo ziliwataka hata waliokuwa wamekwisha kubaliwa wapimwe upya. Ilipodhihirika kwamba wengi wao wangeondolewa, wizara ikalazimika kusimamisha zoezi hilo mwezi wa Machi 2022. Kwa hiyo, mara tatu katika muda wa miaka mitano, serikali ilijikuta ikiizuia mikono yake yenyewe.

Kwa miaka yote hiyo, mwuguzaji aliyekataliwa alirudishwa kulalamika kwa walewale waliomkataa. Mwezi wa Aprili 2021 mahakama inayosikiliza mashauri ya askari wastaafu iliamua kwamba uamuzi wa namna hiyo unaweza kukatiwa rufani mbele ya bodi inayojitegemea. Haki hiyo ilitakiwa iwepo tangu siku ya kwanza.

Aidha, liko pengo ambalo bado halijazibwa. Sheria inasema wazi kwamba kupokea posho hiyo hakumfanyi mwuguzaji kuwa mwajiriwa wa serikali. Posho haikatwi kodi, na hilo ni jema. Lakini kwa kuwa si mshahara, haimwekei mwuguzaji akiba ya uzeeni. Mwanamke aliyeacha kazi akiwa na miaka thelathini ili amwuguze mumewe, anaweza kufika uzeeni bila pensheni ya jasho lake mwenyewe. Amelitumikia taifa miaka thelathini, na taifa halina kumbukumbu kwamba alifanya kazi.

Katika juhudi za kurekebisha mambo haya yametajwa mara nyingi majina ya watu wawili. Robert Dole alikuwa ofisa kijana alipojeruhiwa vibaya nchini Italia mwezi wa Aprili 1945. Mkono wake wa kulia haukupona. Alikaa hospitalini zaidi ya miaka mitatu, kisha akawa seneta, na mwaka 1996 akagombea urais. Mkewe Elizabeth, ambaye naye alikuwa seneta, alikaa kwa miezi mingi katika hospitali ya jeshi wakati mumewe alipougua uzeeni, na huko akakutana na wake na mama wa askari vijana. Mwaka 2012 alianzisha taasisi ya kuwatetea. Mumewe alifariki mwezi wa Desemba 2021. Tarehe 2 Januari 2025 Rais Joe Biden alitia sahihi sheria yenye jina la Elizabeth Dole. Zamani serikali haikuweza kutumia kwa matunzo ya nyumbani zaidi ya asilimia 65 ya gharama ya kumweka askari katika nyumba ya wagonjwa. Sheria hiyo imepandisha kiwango hadi asilimia 100. Sababu yake ni rahisi kuielewa: anayetunzwa na watu wake asipewe kidogo kuliko anayetunzwa na wageni.

Uingereza ilipita njia nyingine. Katika mpango wake wa pensheni za vita kuna posho ya uangalizi wa kila siku kwa askari aliyelemaa asilimia 80 au zaidi na anayehitaji mtu wa kumhudumia. Lakini posho hiyo hulipwa askari mwenyewe. Kwa hiyo ndugu akikosana na mgonjwa, au mgonjwa akiwa hana akili timamu, anayefanya kazi anaweza kuikosa fedha iliyotolewa kwa ajili ya kazi yake. Marekani, pamoja na makosa yake yote, ilipatia katika jambo moja kubwa: ilimwandika mwuguzaji kwa jina lake.

Ndugu wasikilizaji, huenda mtu akauliza: mambo ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu nasi tunatuma vijana. Tangu mwezi wa Machi 2007, majeshi ya Umoja wa Afrika yamekuwa yakitumika nchini Somalia, na askari kutoka Uganda, Burundi, Kenya, Ethiopia na Djibouti wamekwenda huko kwa zamu. Mabomu ya kutegwa barabarani yaliyowalemaza Wamarekani nchini Iraq yamewalemaza na vijana wa Afrika ya Mashariki. Nchi ya Rwanda ilitunga sheria maalumu mwezi wa Januari 2007 ya kuwalinda wapiganaji wa zamani waliolemaa vitani, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini swali la mwuguzaji, yaani yule aliye nyuma ya kiti cha magurudumu, linahitaji kuulizwa katika kila nchi.

Watakuwapo watakaosema kwamba, kwa desturi zetu, mke kumwuguza mumewe ni wajibu wa ndoa, na mama kumwuguza mwanawe ni mapenzi ya Mungu. Basi serikali inaingiaje? Jibu ni kwamba wajibu wa jamaa haufuti deni la serikali. Mke alikubali kuolewa na mtu. Hakukubali kuolewa na bomu ambalo mtu huyo alitumwa kulikabili. Jamaa wakifanya kwa mapenzi kazi ambayo ingaliwapasa wauguzi wa serikali, hilo linaongeza deni la serikali, halilipunguzi.

Watakuwapo na wengine watakaosema kwamba Marekani ni tajiri na sisi ni maskini. Ni kweli. Lakini katika mambo tuliyoyataja, siyo yote yanayotaka fedha nyingi. Kuwa na daftari linaloonyesha kila askari aliyelemaa na jina la anayemwuguza kunataka kalamu na uaminifu. Kumfundisha mwuguzaji kwa wiki mbili katika hospitali ya jeshi, kabla hajakabidhiwa mgonjwa, hakumfilisi mtu. Kumpa haki ya kukata rufani mbele ya mtu mwingine, si mbele ya yule aliyemkataa, hakuna gharama kubwa. Na kutowabagua watu kwa tarehe ya vita vyao kunataka moyo wa haki tu.

Liko pia jambo ambalo haliingoji sheria. Ninyi makamanda, na ninyi wakuu wa vituo, hakikisheni kwamba kila jeraha la kazini linaandikwa siku ileile, kwa saa yake na mahali pake, na kwamba askari anapewa nakala. Kote duniani, familia nyingi hushindwa kupata haki, si kwa sababu sheria haipo, bali kwa sababu karatasi haipo. Nanyi askari wa kawaida, mwenzenu aliyelemaa anakaa kijiji fulani au mtaa fulani mnaoujua. Wawili wenu wakienda kukaa naye siku moja ya likizo, mkewe anaweza kwenda sokoni, au kanisani, au msikitini, au kulala tu usingizi ambao hajaupata kwa mwezi mzima.

Ndugu wasikilizaji, hakuna kamanda mwenye akili anayemweka mlinzi lindoni siku tatu mfululizo bila kumpokea. Anajua kwamba mlinzi huyo ataanguka, na lindo litabaki wazi. Basi yupo mlinzi ambaye yuko lindoni kwa miaka kumi, ishirini, hata arobaini, naye analinda uhai wa askari aliyetulinda sisi. Dawa ya deni ni kulipa, na malipo ya kwanza anayodaiwa mlinzi huyo ni kuandikwa jina lake katika daftari la zamu na kutafutiwa mtu wa kumpokea.